Jinsi ya kupanga nondo ya shingo unapounda gitaa la akustiki

Anayeanza kuunda gitaa la boksi huuliza maswali yale yale kuhusu nondo ya shingo, ile ambayo wengi huiita trasi rodi. Nati yake itokee kichwani au ndani ya tundu la sauti? Mfereji uwe na kina gani? Upande upi wa nondo uangalie juu? Na nondo ya urefu gani inunuliwe? Nimeyajibu hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kuanzia mchoro hadi siku ya kufunga nyuzi.

Mfano ninaoutumia ni gitaa la nyuzi sita za chuma, shingo inayokutana na boksi kwenye freti ya 14, na urefu wa uzi wa milimita 645 kutoka kizingiti hadi daraja. Kizingiti ni kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi zinapotoka kichwani. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, vikihesabiwa kuanzia kizingiti. Kama gitaa lako lina vipimo vingine, hatua hazibadiliki. Piga hesabu upya tu.

Nadharia ni fupi. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma, ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.012, huvuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, na inavuta usiku na mchana. Shingo hupinda kuelekea nyuzi kama upinde. Nondo ya kurekebishika iko ndani kuupinga mvuto huo kwa kiasi unachokitaka wewe. Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipata hataza ya nondo ya namna hii mwaka 1923, kwa ubunifu wa Thaddeus McHugh, fundi wao. Martin, kampuni nyingine ya huko, walibaki na chuma kisichorekebishika hadi 1985. Gitaa la klasiki la nyuzi za nailoni kwa kawaida halina nondo kabisa, kwa sababu mvuto wake ni mdogo sana.

Amua kwanza: kichwani au tundu la sauti

Nati ikitokea kichwani, kazi ya ndani ya boksi inakuwa nyepesi na mwenye gitaa anaifikia kwa urahisi. Gharama yake ni kwamba unachimba kijishimo nyuma ya kizingiti, mahali ambapo shingo ni nyembamba na nyuzi za mbao zinakatika kwa sababu kichwa kimeinama. Hapo ndipo magitaa yanapovunjikia yakianguka.

Nati ikitokea tundu la sauti, kichwa kinabaki kizima, lakini lazima uipitishie njia kwenye gogo la shingo ndani ya boksi na kwenye taruma la juu, ule ubavu mkubwa unaolala kati ya gogo na tundu la sauti. Mimi nashauri njia hii kwa gitaa la akustiki, na hatua zinazofuata zinaifuata. Wa kichwani nimewawekea sehemu yao baada ya hatua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nondo ya njia mbili, yaani inayoweza kupinda shingo mbele na nyuma. Kwa mfano wetu, urefu wa takriban mm 370. Nyingi zina upana wa mm 6 na kimo cha mm 9, ila pima ya kwako.
- Spana ya alen inayoingia kwenye nati hiyo, mm 4 au mm 5, yenye mkono mrefu. Yenye ncha ya duara ni bora zaidi kwa sababu inakubali kuingia kwa pembe.
- Mbao ya shingo iliyopigwa randa ikawa na uso bapa na pande mbili za kweli. Mkangazi unafaa sana. Mninga pia, kwa kuwa hautembei sana hali ya hewa ikibadilika.
- Ubao wa vidole, wenye unene wa mm 6 hivi. Mpingo ni mzuri kuliko chochote utakachonunua kutoka nje.
- Mashine ya rauta ya kuchimbia mfereji, yenye gaidi ya pembeni (kiongozi kinachofuata ubavu wa mbao), na biti iliyonyooka ya upana wa nondo yako.
- Patasi ya mm 6, drili, venia kalipa, rula ya chuma iliyonyooka kweli, penseli kali.
- Gundi ya mbao, klampu zisizopungua sita, tepu ya karatasi, nta ya mshumaa na silikoni kidogo.
- Kipande cha mbao chakavu cha aina ile ile, kwa majaribio.

Kuhusu urefu wa nondo: nyingi zinazouzwa mitandaoni ni za mm 440 au 460, zilizokusudiwa magitaa ya umeme. Ukiweka ya mm 440 kwenye mfano wetu na nati ikaelekea boksi, ncha yake inafika mm 446 kutoka kizingiti, wakati freti ya 20, ambayo ndipo ukingo wa tundu la sauti ulipo kwa kawaida, iko mm 442. Itachungulia tunduni. Tena katikati yake itaangukia kati ya freti ya 7 na ya 8, karibu mno na kisigino cha shingo, ambako mbao ni nene na haipindi. Nondo ya mm 370 katikati yake inaangukia freti ya 6, mahali shingo inapohitaji msaada.

Hatua kwa hatua

1. Chora shingo kwa ukubwa wake halisi, ukiitazama kwa ubavu.

Chukua karatasi ndefu au ubao mwembamba. Weka mstari wa uso wa shingo, kisha kizingiti, freti ya 14 (mm 358 kutoka kizingiti), ulimi wa shingo unaoingia kwenye gogo la boksi, gogo lenyewe, taruma la juu na ukingo wa tundu. Sasa chora nondo ndani yake.

Hapa ndipo unene unapoamuliwa. Tuseme unataka shingo ya mm 20.5 kwenye freti ya kwanza. Toa ubao wa vidole mm 6: inabaki mbao ya mm 14.5. Toa mfereji wa mm 9: chini ya nondo inabaki mm 5.5. Hiyo ni salama. Lakini fundi anayependa shingo nyembamba ya mm 19, akaweka ubao wa vidole wa mm 6.5 na nondo yenye kimo cha mm 11, anabaki na mm 1.5. Shingo hiyo itapasuka mgongoni siku nati inakazwa. Usishuke chini ya mm 3 popote. Ikibidi, ongeza unene wa shingo au tafuta nondo fupi ya kimo, mfereji usiguse.

2. Jaribu nondo ikiwa mezani.

Zungusha nati polepole kushoto na kulia hadi uipate sehemu ambayo haina ukinzani upande wowote. Hiyo ndiyo sufuri yake. Sasa, ukiwa umeitazama nati, zungusha robo mzunguko kwa mwelekeo wa saa na uitazame nondo kwa ubavu juu ya rula. Itapinda kidogo. Upande unaotuna nje ndio utakaoangalia ubao wa vidole. Uweke alama ya rangi.

Usiende zaidi ya robo. Nondo iliyo nje ya shingo haina kitu cha kuizuia na inaweza kuharibika. Rudisha sufuri.

Jaribio hili ni bora kuliko kukariri "bapa juu" au "duara juu", kwa kuwa watengenezaji hawaungi nondo zao kwa namna moja. Ukiigeuza bado itafanya kazi, ila kukaza kutakuwa kulegeza, na fundi wa kesho atakayeishika atapotea.

3. Piga mstari wa katikati kwenye uso wa shingo.

Shingo bado iwe gogo la mstatili. Kosa la kawaida ni kuipunguza kwanza iwe nyembamba kuelekea kizingiti, halafu kutaka kuchimba mfereji. Gaidi ya rauta inafuata ubavu wa mbao. Ubavu ukiwa umeinama, mfereji nao unainama. Chimba kwanza, punguza baadaye.

Vuta mstari kutoka mwisho hadi mwisho kwa penseli kali, kisha upimie kutoka pande zote mbili. Ukitofautiana hata nusu milimita, futa uanze upya.

4. Weka alama za mwanzo na mwisho.

Mwanzo wa nondo, ule usio na nati, uwe mm 6 ndani kutoka mahali ubao wa vidole unapoanzia. Usiufikishe chini ya kizingiti, maana ukuta mdogo wa mbao unaobaki ndio unaoizuia nondo isisogee kuelekea kichwani. Mwisho wake unaangukia mm 376, yaani mm 18 kupita freti ya 14. Kama ulimi wako una mm 20, nati yote inakaa ndani ya ulimi.

5. Chimba mfereji wa jaribio kwenye mbao chakavu.

Weka biti, chimba sentimita 15 hivi, weka nondo ndani. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole, bila nyundo, na isichezecheze. Pima sehemu nene zaidi: vichwa vya nondo, palipochomelewa, mara nyingi vina unene kuliko mwili wake. Na kama umepanga kuivisha mpira wa plastiki ule wa mafundi umeme unaonywea kwa joto, uvishe kabla ya kupima.

6. Chimba mfereji wenyewe.

Funga shingo imara. Shuka mm 3 kwa kila pito. Kulazimisha biti ishuke mm 9 mara moja kunaiyumbisha, na mfereji unapanuka katikati bila wewe kuona. Gaidi iegemee ubavu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza upande, makosa ya mstari yanajumlishwa kwenye upana.

Pito la mwisho ndilo la subira. Shuka kidogo kidogo, pima kwa venia, jaribu nondo, rudia. Unataka juu ya nondo iwe sawasawa na uso wa shingo, au chini yake kwa unene wa karatasi moja ya daftari. Ikichomoza hata kidogo, ubao wa vidole hautalala na gundi itashika pembeni tu. Ikizama sana, nati itazunguka bure mwanzoni, kisha utasikia chuma kinagonga ndani kila upigapo noti fulani. Nondo ya njia mbili hufanya kazi kwa kusukuma ubao wa vidole katikati na kukandamiza sakafu ya mfereji kwenye ncha zake. Lazima iguse kote kuwili.

7. Panulia nati nafasi.

Nati huwa nene kuliko nondo. Ipe chumba chake kwenye ulimi kwa patasi, ikiwa na mwanya wa nusu milimita kila upande ili izunguke bila kukwaruza. Usichimbe zaidi. Ncha nyingine ya mfereji iliyoachwa na rauta ni ya duara. Ikate iwe mraba kwa patasi ili nondo ifike mwisho.

8. Fungua njia ya spana ndani ya boksi, kabla ya kufunga mgongo wa boksi.

Hii ndiyo hatua inayosahaulika, na ikisahaulika ni msiba. Chimba mfereji wa mm 10 juu ya gogo la shingo, kwenye mstari wa katikati, kutoka tundu la ulimi hadi upande wa ndani. Kata mkato wa upana huo huo kwenye ubao wa sauti, yaani uso wa mbele wa boksi, juu yake. Ubao wa vidole utaufunika.

Kisha taruma. Nati iko juu sana, karibu na ubao wa sauti, kwa hiyo njia ya spana inapita pale pale taruma linapogusa ubao. Kata kijilango cha upana wa mm 8 tu, chenye mteremko kuelekea tundu la sauti kwa sababu mkono wako utakuja kutoka chini. Fidia udhaifu huo kwa kuliongezea taruma kimo: mm 18 badala ya 13 au 14. Ubao wa sauti hapo unasukumwa na shingo kila saa, na taruma dhaifu ndilo linaloacha magitaa yakizama mbele ya tundu.

Sasa kaa chini, weka shingo mahali pake bila gundi, ingiza spana kupitia tundu la sauti na uizungushe nati robo mbele, robo nyuma. Fumba macho ufanye tena, kwa kugusa tu, kama atakavyofanya mwenye gitaa. Isipoingia vizuri leo, haitaingia kamwe mgongo ukishafungwa.

9. Weka nondo na uinyamazishe.

Paka nta ya mshumaa kwenye sehemu za nati zenye meno ili gundi isishike. Kama hukutumia mpira wa plastiki, weka tone dogo la silikoni sakafuni mwa mfereji sehemu tatu: karibu na kila ncha na katikati. Laza nondo, upande wenye alama ukiangalia juu, nati ikiwa sufuri. Silikoni isiguse kabisa uso wa shingo. Palipogusa silikoni gundi haishiki, wala vanishi. Iliyochuruzika ikate kwa wembe ikishakauka, kisha piga msasa uso huo.

10. Gundi ubao wa vidole.

Mpingo una mafuta. Ufute kwa spiriti dakika chache kabla ya gundi. Funika nondo kwa ukanda wa tepu ya karatasi wenye upana wa mm 6 hadi 8, sambaza gundi nyembamba pande zote mbili za mfereji, kisha chomoa tepu ukianzia kichwani. Uso wa shingo unabaki na gundi, nondo inabaki kavu.

Ubao utateleza ukianza kukaza klampu. Zuia kwa misumari midogo miwili iliyokatwa vichwa, uliyoitobolea matundu mapema ndani ya mikato ya freti. Weka mbao iliyonyooka juu ya ubao wa vidole, kaza klampu kutoka katikati kwenda ncha, acha usiku kucha. Usizungushe nati kabla ya saa 24.

11. Thibitisha, ndipo uchonge mgongo wa shingo.

Kaza robo mzunguko. Rula ya chuma juu ya ubao wa vidole ionyeshe mwendo mdogo. Rudisha sufuri, ndipo uchonge mgongo. Unapochonga, pima unene kila mara katikati. Mchoro wa hatua ya 1 uwe umetundikwa ukutani mbele yako.

Kwa wanaotaka nati kichwani

Geuza nondo, nati ikae nyuma ya kizingiti. Kichwa kikiwa kimeinama digrii 14, uso wake unashuka karibu mm 5 kwa kila mm 20, hivyo mfereji wa mm 9 unaibukia juu mm 36 kutoka mwanzo wa mwinamo. Huo ndio urefu wa njia ya spana, usiupanue pembeni. Acha nundu ya mbao mgongoni, nyuma ya kizingiti, ya mm 3 au 4 zaidi ya unene wa kawaida. Kizingiti lazima kikalie mbao pande zote mbili za mfereji, kwa hiyo nati isiwe pana kuliko mm 10. Ncha nyingine ya nondo iishie freti ya 14 au mbele yake kidogo. Kwa mpangilio huu nondo ya mm 360 hadi 380 inatosha.

Baada ya kufunga nyuzi

Acha gitaa likae na nyuzi siku mbili, likiwa limetuniwa. Bana freti ya kwanza kwa kapo (kibanio cha nyuzi), bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 14, pima mwanya kati ya uzi na freti ya 7 kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Kati ya mm 0.15 na 0.25 ni pazuri. Mwanya ukizidi, kaza. Ukiwa sufuri, legeza. Robo mzunguko kwa wakati, kisha tuni tena na upime. Nondo haishushi nyuzi zilizo juu mno. Hiyo ni kazi ya mfupa wa daraja na pembe ya shingo. Gitaa lililoundwa Tanga wakati wa masika likapelekwa Dodoma kiangazi, lipime upya likishafika na kutulia wiki moja.

Mambo yakienda kombo

*Nati inazunguka lakini shingo haisogei.* Mfereji ni wa kina kupita kiasi. Kama ubao wa vidole haujagundishwa, laza ukanda mwembamba wa mbao ngumu chini ya nondo hadi iwe sawa na uso.

*Mfereji umepanuka.* Gundisha vipande vya mbao ile ile kwenye kuta, acha vikauke, chimba upya. Usijaze epoksi kuizunguka nondo. Ikishikamana haitafanya kazi.

*Kuna mlio wa chuma ndani.* Kaza nati kidogo kutoka sufuri. Mara nyingi unakoma hapo hapo. Ukiendelea, toboa tundu la mm 1.5 chini ya alama ya kitone ya freti ya 7, ingiza silikoni laini kwa sindano, rudisha alama.

*Nati imegoma kabisa.* Gundi imeingia. Pasha ncha ya spana kwa chuma cha kulehemu cha mafundi redio hadi joto lifike kwenye nati, subiri dakika moja, jaribu taratibu mbele na nyuma. Usiongeze nguvu kwa bomba.

*Shingo imenyooka lakini kuna nundu kwenye freti ya 14.* Nondo haifiki hapo kwa nguvu yoyote. Ng'oa freti za eneo hilo, sawazisha ubao wa vidole kwa msasa uliobandikwa kwenye rula, pigilia freti upya.

*Ufa mwembamba umeonekana mgongoni, sambamba na mfereji.* Legeza nyuzi na nati leo hii. Ingiza gundi nyepesi kwenye ufa, bana kwa klampu yenye mbao iliyochongwa kufuata umbo la shingo. Pima unene uliobaki kwa kutoa unene wa ubao wa vidole na kina cha mfereji. Ukiwa chini ya mm 2, shingo hiyo ni ya kutengenezwa upya.